Usiipanguse

Nge alimuuma Eudomar asubuhi, kazini, na wala hakupiga kelele. Alikuwa anachomoa makumbi chini ya lundo, yale ya zamani yaliyopigwa mvua na jua mpaka yakaoza upande mmoja, akasikia kitu kimemchoma kifundo cha mkono. Alipoutoa mkono, mdudu mwenyewe alikuwa bado ananing'inia kwenye mkunjo wa shati, mweusi, mkia juu, hana haraka na mtu. Wafuaji nazi wenzake wakamponda kwa kumbi, kisha wakamtania kwamba sasa amekuwa mwenyeji kamili, maana hakuna mtu wa Icacos, kijiji kile cha pwani, anayejiita mwenyeji kabla ya kuumwa na nge. Eudomar akacheka nao, akaaga, akarudi nyumbani kwa miguu huku ameushika mkono.

Nyumbani kwao kulikuwa chumba kimoja cha mbao, uani kwa Tanti Verlyn. Huko kila mwanamke wa umri ule ni tanti wa kila mtu, na huyu ndiye aliyewapangisha, tena bila maswali mengi, walipovuka maji kutoka Venezuela, Eudomar kwanza na mkewe Yorlenis baadaye. Asubuhi hiyo Tanti alikuwa amevaa kimazishi, kofia na glovu na viatu vinavyobana, kwa sababu binamu yake alikuwa anazikwa vijiji kadhaa kutoka hapo na gari la kumchukua lilikuwa njiani. Hata hivyo alipouona mkono wa kijana unavimba, alivua glovu, akaingia jikoni, akaponda majani ya tumbaku, akayanyunyizia ramu kali, akatia unga wa ngano kidogo ili dawa ishike. Akambandika.

"Mwanamume mzima umeshindwa kumwona nge?"

"Yeye aliniona kwanza, Tanti."

"Utatulia hapa leo. Usiende kujifanya shujaa."

Gari likapiga honi nje. Tanti akashuka ngazi, glovu moja mkononi, nyingine mdomoni. Katikati ya ua akakumbuka jambo. Hakurudi, hakusimama hata. Aligeuza kichwa tu, akasema kwamba tumbo likianza kumuuma, na hapo honi ikapigwa tena ndefu ya kukera, ikameza nusu ya maneno yake. Yorlenis, aliyekuwa mlangoni, aliupata mkia tu wa sentensi, kwa Kiingereza: don't brush it off.

Kiingereza kina roho mbaya, wenyewe wasikasirike. Kitenzi umekihangaikia, umelala nacho, umeamka nacho. Kesho yake kinakujia kimefuatana na kijineno kisichofika herufi nne, na maana yote imehama nyumba. Brush ni kupiga brashi. Brush off ni kupangusa kitu kikatoka, vumbi begani, makombo mezani. Mpaka hapo hakuna ugomvi. Lakini wenye lugha yao hawaishii hapo. Huyapangusa vilevile maneno ya watu, na maumivu, na maonyo, kwa maana ya kuyapuuza, kuyafanya si kitu. Mtu amekuja mlangoni kwako na shida inayomtoa machozi, wewe ukamwambia njoo wiki ijayo huku unaangalia pengine, basi umempangusa. Tanti Verlyn alichosema ni kwamba tumbo likimuuma, lisipuuzwe. Kila mtu wa pwani ile anajua kuwa nge wa huko hana shida na mkono. Mkono ni mlango tu. Sumu yake inatafuta kitu kilicho ndani, nyuma ya tumbo, na ikishakifikia mtu anatakiwa hospitali siku ileile.

Yorlenis hakuwa wa pwani ile. Kiingereza chake alikipata kwa mke wa msimamizi wa shamba, alikokwenda kufanya usafi, na kwa bahati mbaya maneno hayo hasa aliyafahamu vizuri, pengine kuliko yote. Nyumba ile ilikuwa na paka, na kila alipofika mama yule alimwonyesha mito ya kochi iliyojaa manyoya na kumwambia hayohayo: brush it off. Kwa hiyo alipoyasikia kwa Tanti, alifurahi. Ni nadra sana kulielewa neno la Kiingereza mara ya kwanza.

Akamgeukia mumewe. "Amesema nisiipanguse dawa, sivyo?"

Eudomar alikuwa ameketi kitandani. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini, cha mizaha na matusi zaidi, lakini kilimtosha. Alimtazama mkewe kidogo, akalitazama lango ambalo gari lilikuwa limeshatoka.

"Ndiyo," akasema. "Isiguswe."

Basi Yorlenis akailinda. Jamani, aliilinda. Alimlaza chali, akauweka mkono wake juu ya mto, akakaa pembeni na kipande cha kadibodi anafukuza nzi. Dawa ilipoanza kukauka na kupasuka nyufa, aliidondoshea ramu kwa ncha ya kidole, tone kwa tone, asiitikise. Kipande kidogo kilimeguka pembeni; akakirudisha mahali pake na kukikandamiza kwa mate.

Ndipo maumivu ya tumbo yakaja. Eudomar alijikunja, akatapika uji wa kakao aliokunywa asubuhi, akatapika tena maji ya njano. Mate yakawa yanamtoka hayakatiki. Yorlenis aliogopa, lakini ilikuwa hofu yenye nguzo ya kushika: kuna dawa, na dawa ina sharti, na sharti analitimiza. Alijiambia kwamba sumu ndiyo hiyo inatoka kwa juu. Eudomar alipojipindua kwa uchungu mkono ukakaribia kusugua shuka, alivua kitambaa chake cha kichwa akaufunga nacho kwenye nguzo ya kitanda, taratibu, kwa fundo la mapambo, lisimwumize.

"Nisamehe, mpenzi. Ni kwa ajili ya dawa."

"Funga tu," Eudomar akasema. "Uko sawa."

Mara gari la shamba likasimama mbele ya lango. Alikuwa Soogrim, msimamizi mwenyewe, kapakia magunia ya mbata kuyapeleka mjini. Alikuwa mtu wa maneno makali na roho isiyolingana nayo. Akaja hadi mlangoni, akachungulia, uso ukambadilika.

"Huyu anatapika tangu saa ngapi? Mlete garini. Hospitali iko njiani kwangu."

Yorlenis aliutazama ule mkono. Akaiwaza barabara, mashimo yake, na yale magunia, na gari lisilo na springi za maana, na dawa iliyokauka ikawa kama ganda la keki. Ingefika mjini imepukutika yote. Na nyuma ya wazo hilo kulikuwa na jingine ambalo hakulitaka lakini lilikuwepo: hospitali ni majina, majina ni kadi, na kadi zao za ukaazi zilikuwa zimekwisha muda. Watu wawili wa mtaa wa pili walikuwa wamesharudishwa ng'ambo kwa sababu hiyo.

"Asante, bosi," akasema. "Hapana kwenda. Yeye dawa. Tanti sema yeye lala."

"Tanti Verlyn kasema alale?"

"Sema usi... usiguse."

Soogrim akamtazama Eudomar. "We kijana. Unataka kwenda au hutaki?"

Eudomar hakufungua macho. Hakuwa amelala, kope zilikuwa zinacheza.

Soogrim akasonya, msonyo mrefu wa pwani ile ambao ukiusikia unajua mazungumzo yamekwisha. "Shauri yenu, mimi si mama yenu," akasema, akaenda zake. Yorlenis alilisikia gari likibadilisha gia kwenye kona, kisha halikusikika tena, naye akashusha pumzi kama mtu aliyeponea chupuchupu. Ukiifikiria pumzi ile unaweza kulia.

Mchana ukawa mbaya kupita kiasi. Tumbo la Eudomar likakakamaa kama ubao. Jasho lilimtoka mpaka godoro likalowa, na mikono ilikuwa ya baridi katika joto lile. Alimwita mama yake, ambaye alikuwa amekufa. Yorlenis alimwomba Bikira wa Bonde, anayeombwa sana kwao, akamwahidi vitu ambavyo hakuwa navyo. Kila alipomaliza kuomba aliikagua dawa, na kila alipoikuta nzima alijilazimisha kuamini kwamba basi hali haiwezi kuwa mbaya kama inavyoonekana. Mara nne au tano alisimama aende kwa jirani. Mara zote alirudi kuketi, kwa sababu nani angeutazama mkono.

Tanti Verlyn alirudi jua likiwa bado kali, viatu mkononi, anaimba kidogo wimbo wa makaburini. Wimbo ulimkatikia mlangoni. Alisikia harufu kwanza.

"Ana nini? Tumbo?"

"Tumbo, Tanti. Tangu asubuhi."

"Asubuhi?" Tanti alidondosha viatu. "Wewe mtoto una wazimu? Umekaa hapa unamtazama? Nilikwambia nini mimi? Nilisimama pale nikakwambia..." Na akayarudia maneno yaleyale, kwa ukali: don't brush it off.

Yorlenis akainuka. Ukweli ni kwamba alisikia fahari kidogo, katikati ya hofu yote ile. Akafungua fundo la kitambaa, akauinua mkono wa mumewe kwa viganja viwili kumwonyesha Tanti. Dawa ilikuwa pale, nzima, haijabanduka hata ukingo.

"Mimi hapana pangusa," akasema. "Ona. Yote iko."

Tanti Verlyn aliitazama ile dawa. Akautazama uso wa Yorlenis, uliokuwa unasubiri kusifiwa. Ikamjia yote, honi, glovu mdomoni, shingo yake mwenyewe iliyogeuka bila mwili kugeuka. Akavua kofia akaiweka kitandani pasipo kuangalia anaiweka wapi.

"Ee Mungu wangu," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Si hivyo, mwanangu. Si dawa. Dawa ni takataka tu, ya kupoza uvimbe. Nilisema tumbo. Nilisema likimuuma, hospitali. Mbio."

Akalisema tena kwa ishara, tumbo, barabara, mbio, akielekeza kidole. Yorlenis alimwelewa. Aliishika dawa ile kwa kucha akaibandua yote kwa mara moja, akaitupa sakafuni, kisha akaingiza mikono yake chini ya makwapa ya Eudomar akaanza kumvuta.

Tanti alipiga simu ya gari la wagonjwa, akaambiwa liko upande wa pili wa wilaya, wavumilie. Akampigia Soogrim, simu haikushikwa. Wakambeba wawili hao hadi kando ya barabara, bibi wa makamo aliyevaa gauni la mazishi na msichana asiye na viatu, wakamlaza kivulini kando ya ukuta. Gari la kwanza lilipita. La pili lilipunguza mwendo, dereva akamwona mtu anayetapika, akaongeza. La tatu lilionekana mbali likitokea ufukweni, na kabla halijafika walilijua kwa rangi. Lilikuwa la polisi.

Tanti alishusha mkono aliokuwa ameuinua. Alijua habari za kadi zao. Alimtazama Yorlenis, na kama Yorlenis angetikisa kichwa asingemlaumu.

Yorlenis alishaingia barabarani. Alisimama katikati kabisa, mikono ameitanua, na gari lilipofunga breki hakurudi nyuma. Akaenda kwa dereva, akaweka mikono miwili juu ya boneti ya moto.

"Mimi Yorlenis Marcano," akasema. "Kadi imekwisha. Mume, kadi imekwisha. Chukua sisi wote, twende hospitali."

Polisi walikuwa wawili, vijana, na mmoja alikuwa na mdomo umejaa mkate wa papa wa kukaanga. Walimtazama yeye, wakamtazama yule wa kivulini. Aliyekuwa anakula akautupa mkate dirishani akashuka kufungua mlango wa nyuma. Hakuna aliyeuliza kadi.

Njiani king'ora kilipigwa mfululizo. Yorlenis alikuwa nyuma, kichwa cha Eudomar mapajani mwake, na Tanti ameishika miguu. Minazi ilikimbia dirishani. Eudomar alifumbua macho, akamtafuta mkewe kwa muda kabla ya kumwona ingawa alikuwa juu yake palepale.

"Yorle. Nilijua."

"Usiongee."

"Alivyosema Tanti. Nilimsikia vizuri. Alisema tumbo." Akasubiri uchungu umwachie. "Na wewe uliponiuliza, nikakuitikia."

Yorlenis alimtazama bila kuelewa, ingawa safari hii ilikuwa lugha yake mwenyewe. "Ulijua? Mimi nimekaa pale mchana kutwa nafukuza nzi, na wewe unajua?"

"Wangetuandika majina. Wangekurudisha kule, peke yako. Nilidhani nitavumilia."

Hasira iliyompanda Yorlenis ilikuwa kubwa mno kwa mahali pale. Alitaka kumshika mashavu ampige kichwa chake kwenye mlango wa gari. Badala yake alimfuta mate mdomoni kwa upindo wa gauni.

"Ukipona nitakupiga," akamwambia. "Nitakupiga mbele ya Tanti, na mbele ya hawa polisi. Usidhani natania."

"Sawa," Eudomar akasema. Ilionekana anataka kutabasamu.

Hospitali walimpokea hapohapo, wakakimbia naye, milango ikafungwa. Yorlenis na Tanti waliachwa kwenye benchi la plastiki katika ukumbi wenye harufu ya dawa ya sakafu. Karani alipokuja kuuliza majina, Yorlenis aliyataja yote mawili polepole, herufi kwa herufi, na jina la baba, na mji waliotoka. Angeyatangaza kwenye kipaza sauti kama wangetaka. Yule polisi kijana akamletea maji kwenye kikombe cha karatasi, akasimama karibu bila kujua afanye nini na kofia yake.

Tanti alijaribu kusema. "Ni kosa langu, mwanangu. Nilikuwa na haraka. Nilikurushia maneno..."

"Hapana, Tanti. Kosa yeye. Yeye mwongo." Na akakaza macho kwenye ule mlango, tayari kwa ugomvi.

Walikaa. Mlango ulifunguka mara kadhaa kwa ajili ya watu wengine. Hatimaye ukafunguka akatoka muuguzi mmoja mama wa makamo, nywele za mvi zimechanwa vizuri chini ya kofia, na alikuja moja kwa moja kwao. Aliinama, akaushika mkono wa Yorlenis kwa mikono yake miwili. Alikuwa na sauti laini, sauti ya mtu aliyeifanya kazi hii mara nyingi na hajaizoea. Akasema kwa Kiingereza cha kwao, kile kisichokuwa na makuu.

"He pass, darling. He pass."

Huko ndivyo wanavyosema. Siku nzima Tanti Verlyn alikuwa amelisikia na kulisema neno hilo makaburini, binamu kapita, maskini, kapita akiwa usingizini. Ni neno la heshima, la kutomtia mtu kisu moja kwa moja. Lakini kwa Kihispania kuna neno linalofanana nalo kabisa, na mama wote wa Venezuela hulisema mtoto akianguka, akiota ndoto mbaya, akichomwa sindano. Wanampuliza penye kidonda na kumwambia: ya pasó. Limepita, mwanangu, baya limeshapita.

Uso wa Yorlenis ulifunguka wote. Alimbusu muuguzi yule mikono, kulia na kushoto, akainuka, akamshika Tanti mikono.

"Amepita, Tanti," akasema, analia na kucheka. "Yeye sema amepita. Yuko wapi? Mlango gani? Mimi na kazi na yeye. Mimi ahidi piga yeye, mbele yako. Wewe usishike mimi, Tanti. Leo usishike."

Muuguzi alirudi nyuma hatua moja, akamtazama Tanti. Polisi kijana akainamisha kichwa. Yorlenis alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya gauni lake, anapangusa machozi kwa kiwiko, anauelekea ule mlango.

Tanti Verlyn alimwahi. Alimshika mabega yote mawili, akamgeuza mzima mzima hadi wakakabiliana, pua kwa pua, akatafuta katika Kihispania chake chote, ambacho hakikufika maneno kumi. Moja alilijua. Wafuaji waliotoka Venezuela walilitumia kwa minazi iliyoshikwa na ugonjwa, ile inayobaki gogo tupu na inabidi kukatwa.

Akalisema. Amekufa.

Yorlenis aliendelea kutabasamu. Alimpapasa Tanti shavu, kwa upole, kama unavyomfanyia mtu mzima aliyechoka akakosea.

"Hapana, Tanti," akasema. "Wewe hapana sikia vizuri. Yeye sema amepita."

Tanti hakuyaachia mabega yake. Akalisema tena.